Folda ya Wazee wa Issuna

Kwa miezi minne mfululizo, kazi ya kwanza ya Miraji Mghenyi kila asubuhi ilikuwa kubonyeza kitufe cha baadaye. Hajafagia, hajavuta lile pazia la buluu la kupigia picha, hajanywa hata chai. Anawasha kompyuta, anaisubiri weee mpaka iamke, na ule ujumbe unachomoza kwenye kioo: mfumo mpya wa kompyuta yako uko tayari, ni bure, tukuwekee sasa au baadaye? Baadaye, anajibu Miraji, na anabonyeza kwa nguvu za mtu anayeua mbu. Kesho yake ujumbe unarudi, na adabu zile zile.

Kiingereza cha Miraji ni cha shule ya msingi, lakini neno bure analijua kwa lugha yoyote ile. Kwa hiyo tusije tukasema hakuelewa alichokuwa anapewa. Alielewa vizuri kabisa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ana miaka hamsini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akiwatazama watu wa Issuna kupitia tundu la kamera. Ufundi aliupata Singida mjini, enzi za filamu, mtu anapigwa picha mwezi wa tatu anajiona mwezi wa nne. Aliporudi kijijini akapanga chumba kimoja kando ya barabara kuu, akatundika pazia, akanunua koti. Hilo koti lazima nilisemee. Ni la rangi ya majivu, kubwa, limepungua kifungo kimoja, na hakuna mzee wa kiume hapa ambaye hajalivaa. Wengine liliwameza mpaka masikioni, wengine lilikataa kufunga tumboni, lakini mzee gani angekubali kupigwa picha na shati la shambani? Nenda msiba wowote wa Issuna, utamkuta marehemu kwenye fremu amevaa koti la Miraji. Kuna mgeni kutoka Dodoma aliwahi kuuliza kama wazee wote wa hapa walifanya kazi ofisi moja.

Maana utaratibu wa hapa ni huu. Mzee haji studio kwa kujipenda, anakuja kwa sababu amebanwa: kitambulisho, mafao, fomu ya mjukuu. Anachukua zile picha ndogo alizotumwa. Halafu, akiwa anavua koti, anashusha sauti kidogo na kusema, "Hiyo kubwa iache kwako, Miraji. Siku yangu ikifika, watoto watakuja." Miraji anajibu, "Haya mzee, ipo." Hapaandikwi risiti wala hapawekwi sahihi. Ni amana, basi. Na siku yenyewe ikifika, mtoto mmoja anatokea asubuhi na mapema, macho mekundu, anasema, "Tumekuja kumchukua mzee." Miraji anafungua folda aliyoiita WAZEE, anausafisha uso kidogo, anautoa kwa ukubwa, anautia kwenye fremu. Kabla jeneza halijatoka ndani, uso uko mezani pale uani, na kila anayeingia anausalimia kwanza.

Mara moja tu alishindwa. Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Kompyuta ilijaa, akahamishia picha za harusi za zamani, na ya mzee mmoja ikachanganyika humo, kwenye diski ya nje, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Siku moja kikaanguka kutoka mezani, chini saruji. Hakikuvunjika, hakikuchubuka hata. Akakiokota, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake. Wiki iliyofuata Paulo Ntandu akafariki, mwanawe Edward akaja kumchukua, na kile kidude kikawa kinatoa mlio tu, tik, tik, tik, hakifunguki. Miraji akapanda nacho basi la kwanza mpaka mjini. Mafundi wawili wakakifungua, wakatikisa vichwa. Kitambulisho cha taifa cha Paulo kilikuwa hakijatoka, alikuwa na namba tu, na kadi yake ya kura ilikuwa imekaa mfukoni na jasho na tumbaku mpaka uso umefutika.

Basi Paulo akazikwa hana sura. Pale mezani uani waliweka kitambaa cheupe na maua, katikati wakaacha nafasi, na watu wakawa wanaisalimia hiyo nafasi. Miraji alisimama nyuma kabisa. Alipata aibu ambayo mpaka leo ikimjia yuko mezani anaacha kula. Mjane wa Paulo, Bibi Martha, hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ile Miraji alijiapia moyoni kwamba hakuna mzee mwingine wa Issuna atakayekosa uso kwa uzembe wake.

Sasa ona alivyobanwa. Ule ujumbe wa kila asubuhi ulikuwa na mstari wa chini, maandishi madogo. Hajira, binti yake anayefanya kazi ya ukatibu mjini, ndiye aliyemsomea siku alipokuja kuwasalimia: ikipita tarehe fulani, mfumo wa zamani hautalindwa tena na virusi. Na virusi Issuna vimejaa tele. Kila kijana anayekuja kuchapa barua ya maombi anakuja na flashi iliyokwisha kuzunguka nusu ya wilaya. Mwezi wa nne kirusi kimoja kiliingia, kikaificha folda nzima ya WAZEE kwa siku mbili. Siku hizo mbili Miraji hakuwa mtu wa kusemeshwa. Ilibidi Peniel, fundi wa kompyuta, atoke mjini kuja kuifukua.

"Mzee, safari hii tumebahatika," Peniel alimwambia akifunga begi lake. "Safari ijayo sikuahidi. Kubali huo mfumo mpya. Ni bure, na una kinga."

"Na picha zangu?"

"Zinabaki palepale. Asilimia tisini na tisa, hakuna kinachopotea."

"Na hiyo moja?"

Peniel akacheka. "Mzee nawe! Hiyo moja mwachie Mungu."

Miraji hakucheka. Hiyo moja alikuwa anaijua kwa jina na ukoo.

Akikataa, virusi. Akikubali, ile moja. Huku picha na huku picha. Akawa anabonyeza baadaye, anabonyeza baadaye, na tarehe inasogea.

"Baba, si unakili kwenye diski nyingine kwanza?" Hajira alimuuliza kwenye simu.

"Diski!" alisema Miraji, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa mkwe aliyemtoroka binti yake.

Hajira hakubishana. Jumamosi akaja na diski mpya kwenye pochi, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake mpaka picha zote zikanakiliwa. Miraji alimshukuru kwa dhati, mtoto ana akili. Lakini moyo haukutulia. Alikwisha kuona kidude kizima, hakina hata mchubuko, kikifa kimya kimya na mtu ndani yake.

Akakata shauri kwa njia anayoiamini yeye. Karatasi. Karatasi haina kirusi, na ikianguka chini unaiokota. Mkewe, Mwantum, alikuwa mjini wiki hiyo kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza swali. Printa ikanguruma siku sita. Akawatoa wote waliomo kwenye folda, mmoja mmoja: wazee mia moja na arobaini na saba, wanaume na koti lao, wanawake na vilemba vyao, wote wamekaza uso kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wacheke. Kila mmoja akamtia kwenye bahasha ya kaki na kuandika jina kwa kalamu nene. Jioni ya siku ya sita aliziangalia zimepangwa kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alijisikia mwepesi.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini hofu ni msumbufu, haimwachi mtu akae. Akaanza: na mvua ikivujia boksi? Na panya? Na moto je? Amana zote mahali pamoja, si ni yale yale ya diski? Kheri kila mwenyewe akae na yake. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, wazee wote wangepita. Loo! Wewe unayesoma umeshaona mtu anaelekea wapi. Yeye, mwana wa Issuna, aliyezaliwa na kukulia hapahapa, hakuona.

Asubuhi akatoa meza nje, akapanga bahasha. Wa kwanza kupita alikuwa Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, miaka themanini na kitu, anaswaga ng'ombe wake wawili wa kuuza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Miraji. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, nina mzigo wako hapa."

Nathanaeli akapokea bahasha kwa mikono miwili, akafungua, akajikuta mle ndani na koti. Akaitazama picha, akamtazama Miraji, akarudi kwenye picha.

"Nani kasema?" akauliza.

"Kasema nini, mzee?"

"Kwamba nimefika."

Miraji akaanza kueleza habari za mfumo na kinga na asilimia. Nathanaeli hakusikia hata moja. Aliirudisha picha kwenye bahasha taratibu, akaiweka mezani, akajifuta viganja kwenye suruali. "Mimi nimekuja kuuza ng'ombe," alisema, na akawaswaga ng'ombe wake haraka kuliko miguu yake ilivyozoea.

Wa pili hakukubali hata kuigusa. Wa tatu alipoona jina lake kwenye kaki alisema huyo si yeye, ni ndugu yake wa Ihanja, wanafanana majina. Saa sita ilipofika, habari zilikuwa zimeenea mnada mzima: Miraji ana orodha. Wazee wakawa wanavuka barabara kabla ya kufika kwake, wanapita upande wa pili na vikapu vyao, wanajifanya wanatazama milima. Na Miraji bado, masikini, alidhani wana haraka.

Halafu akaja Bibi Martha, na chupa zake za mafuta ya alizeti kwenye ndoo. Yeye hakuvuka barabara. Miraji akamwamkia, akampa bahasha kwa mikono miwili, maana ya huyu ndiyo aliyoitoa kwa uangalifu kuliko zote. Bibi Martha akaifungua. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya studio.

"Miraji," alisema, bila hasira yoyote. "Kwa Paulo ulichelewa. Kwangu umewahi."

Akanyanyuka, akaibana bahasha kwapani, akaenda zake nyumbani. Chupa zake za mafuta zilibaki pale pale kwenye ngazi.

Hapo sasa Miraji akaelewa. Akakusanya bahasha zote akazirudisha ndani, akafunga mlango, akakaa nyuma ya pazia la buluu na kichwa mikononi.

Mwantum alirudi kesho yake mchana, na habari alizipokea pale pale basi lilipomshusha, kabla hajaulizwa hata hali ya mtoto. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe anatazama sahani ya ugali.

"Baba Hajira," alisema, akiweka begi chini, "hivi mimi nikikukabidhi sanda yako sasa hivi, hapa mezani, unakula, utasema asante?"

"Nilikuwa nawalinda, Mama Hajira."

"Umewalinda nini? Umewatangazia! Wale hawakuacha picha kwako kwa kukosa pa kuziweka. Kuta si wanazo? Waliziacha kwako ili zikae mbali nao. Ikiwa kwako, siku yao haijafika. Sasa wewe unamfuata mtu mnadani, na jina limeandikwa kwa kalamu nene!" Alitaka kuendelea, maana alikuwa na mengine, lakini alimtazama usoni akamhurumia, akavuta kigoda.

Hawajamaliza kula, hodi. Edward, mtoto wa Bibi Martha, kofia mkononi.

"Kaka Miraji, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Mama amelala tangu jana. Homa hana. Tukimuuliza anasema ameshapewa picha yake, hana tena anachosubiri."

Ya Paulo ilikuwa bahati mbaya, diski ilianguka. Hii aliibeba mwenyewe kwa mikono yake akaikabidhi. Kama Bibi Martha angekufa kwa picha ile, angeweza vipi kuishi Issuna? Angeweza vipi kumshika tena mtu kidevu na kumwambia inua uso kidogo, mzee?

Asubuhi iliyofuata Mwantum akakamata tetea mweupe, akamfunga miguu, wakaondoka wawili. Njia nzima Miraji anapanga maneno, yanapangika, yanaanguka. Walipokaribia uani kwa Bibi Martha wakasikia sauti ya ungo. Wakatazamana. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya ua, kilemba kimekaa sawa, anapepeta mtama, na upepo unazoa makapi kwenda kwa jirani.

"Mama, si tuliambiwa umelala?" Mwantum alishindwa kujizuia.

"Nimelala siku mbili," alijibu Bibi Martha, mikono haisimami. "Siku ya kwanza nilijiandaa vizuri tu. Siku ya pili nikasikia njaa. Leo nimeamka nimekuta upepo mzuri hivi, mtama wote huu, nani atanipepetea? Karibuni mkae."

Jamani, Miraji alitaka kucheka na kulia, vyote kwa pamoja. Wakaamkia, tetea akapokelewa, vigoda vikatolewa. Na hapo akasema yote. Akaanza na mfumo wa bure, akaja kwenye virusi, akaja kwenye ile asilimia moja, akaja kwenye karatasi. Kiswahili kilipomwishia akahamia Kinyaturu, na huko ndiko alikomkuta Paulo, na huko ndiko alikolia. Aibu ile hakuwahi kuisema kwa mtu, miaka mitano, na sasa ilitoka mbele ya mkewe na mbele ya mjane na kuku.

Bibi Martha aliweka ungo chini. Akamwacha amalize, akamwacha apenge kamasi.

"Kwa hiyo hiyo mashine yako, ukiibonyeza, inaweza kunipoteza mimi."

"Ndiyo hofu yangu, mama."

"Halafu?"

"Halafu siku yako..." Miraji akasita, safari hii alikuwa ameshajifunza. "Halafu picha itakuwa haipo."

"Sasa Miraji, mwanangu," alisema Bibi Martha, na alisema polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "si unanipiga nyingine? Mimi si nipo?"

Mwantum akajifunika mdomo kwa kanga. Miraji alitazama ule ua, mtama, ungo, miguu ya yule mama iliyojaa vumbi jeupe la makapi. Yupo. Ama kweli yupo! Na Nathanaeli yupo, na ng'ombe wake wawili. Waliokwisha kufa walikwisha kuchukuliwa, wako kwenye kuta za watoto wao, amana zao zimefika. Waliobaki kwenye folda ni watu wanaopumua, wanaopita mbele ya mlango wake kila siku ya mnada na ndoo na vikapu, na yeye yuko ndani ameinama, analinda picha zao, hanyanyui hata kichwa kuwatazama.

"Na Paulo?" alisema kwa taabu. "Paulo hayupo, mama. Yule nilimpoteza kweli."

Bibi Martha aliokota punje tatu za mtama zilizoruka nje ya ungo, akazirudisha.

"Nimekaa na Paulo miaka hamsini na miwili," alisema. "Kapigwa picha mara moja. Mara moja, Miraji! Tena akiwa amenuna, anadaiwa fomu ya mjukuu, koti linambana. Hivi hata ingekuwepo pale mezani, ile ndiyo ingekuwa Paulo? Wewe ulipoteza moja. Sisi wengine tulikuwa naye kila siku, anacheka, anaimba kwaya, anagombana na mbuzi, hatukusema hata siku moja njoo mpige huyu. Usiubebe peke yako huo mzigo. Ni wetu wote."

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akampa Miraji. "Rudisha hii inakokaa. Na kesho nakuja kuona hiyo mashine."

Na kweli akaja. Saa mbili asubuhi alikuwa pale kwenye ngazi, amevaa kitenge kipya, na chupa zake zile za mafuta zilikuwa zinamngojea alipoziacha, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ujumbe ukachomoza kwenye kioo kama kawaida yake. Sasa au baadaye?

"Anasemaje?" akauliza Bibi Martha.

"Anauliza aweke sasa au baadaye."

"Wewe umekuwa unamjibu nini?"

"Baadaye."

"Miezi minne?" Akaguna. "Mbona mvumilivu, huyo. Mjibu basi."

Miraji akasema bismillahi, akabonyeza sasa. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, namba zikaanza kuhesabu kutoka sifuri. Peniel alikuwa amemwambia saa mbili, tatu. Zilipofika asilimia nane zikasimama, na jasho likamtoka. Alivuta kiti akakaa mbele yake, mikono katikati ya magoti.

"Utaitazama mpaka ikuonee haya?" Bibi Martha aliita kutoka nje. "Imeambiwa ifanye kazi, iache ifanye. Chukua kamera uje huku."

Akatoka na kamera. Hakumtolea kiti wala hakumwambia inua kidevu. Alimpiga akiwa anapanga chupa, akimfukuza nzi, akimsema mtu aliyepita bila kuamkia. Mara Mzee Nathanaeli akatokea upande wa pili wa barabara, anapita kwa kuibia kama alivyozoea siku hizo.

"Nathanaeli!" aliita Bibi Martha. "Vuka! Hana orodha, nimemkagua."

Mzee wa watu akavuka, shingo upande. Wakaamkiana, wakaulizana ya nyumbani, na haikuchukua muda wakaingia kwenye ubishi wao wa zamani, nani mkubwa kati yao. Nathanaeli anasema yeye alikuwa anachunga alipozaliwa huyu. Bibi Martha anasema alikuwa anachunga nini, kuku? Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma, mdomo wazi, mapengo mawili ya mbele yote nje. Miraji alipiga. Akapiga tena. Aligundua kwamba katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kujua kwamba Bibi Martha ana mapengo, kwa sababu kwenye studio yake hakuna aliyewahi kufungua mdomo. Ilimuuma kidogo hiyo, na ilimfurahisha.

Saa tano kasoro kompyuta ikaimba wimbo mgeni. Miraji akaingia ndani mbio. Kioo kilikuwa na sura mpya, vitu vimehamishwa hamishwa, kitufe cha kuzimia hakijulikani kiko wapi. Akatafuta, akatafuta, akaiona. WAZEE. Akafungua na kuhesabu nyuso, akarudia kuhesabu. Mia moja na arobaini na saba, hakuna aliyepungua. Akashusha pumzi aliyokaa nayo tangu mwezi wa nne.

Kisha akachomeka kamera, na picha za asubuhi zikajipanga chini ya zile za zamani. Bibi Martha, aliyekuwa na moja, akawa nazo kumi na mbili. Akamwita aje aone. Bibi Martha akasogeza uso karibu na kioo, akajipitia, akasonya kwenye mbili tatu, akafika kwenye ile ya mapengo. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Nzuri hiyo," Miraji alisema. Akachagua maneno kwa uangalifu. "Niiweke hiyo... ndiyo iwe ile?"

"Ile watachagua watoto," alisema Bibi Martha. "Siku hiyo mimi sitakuwepo kubishana nao. Hii nitolee sasa hivi, kubwa, niende nayo nyumbani. Nataka kuiona mimi."

Printa ikanguruma. Miraji akaitia picha kwenye bahasha ya kaki, na safari hii hakuandika kitu juu yake. Bibi Martha akampa mkono, akajitwika ndoo yake ya chupa na kuondoka. Alipofika barabarani alisimama, akaifungua bahasha, akajitazama, akacheka tena peke yake.